Maji Yaliondoka Juu Jana

Wewe uliyenisimamisha sokoni ukaniuliza kama ni kweli nimegombana na mwinjilisti mbele ya kanisa zima, vuta kigoda ukae. Nitakueleza yote, tena polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa kidato cha pili habari za mizani, kwa sababu kila ninapoisimulia haraka hasira inanikaba nikaruka mambo ya maana. Ndiyo, tuligombana. Ugomvi wenyewe ulichukua dakika chache. Safari ya kuufikia ilichukua siku nne, sehemu kubwa kwa miguu, kuufuata mfongo uliokauka kutoka chini hadi msituni.

Kama umekaa na mgeni hapo, mwambie mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu kwa mikono. Unaanzia mtoni juu kabisa, kwenye banio, yaani pale maji yanapozuiwa ili yageuke, kisha unazunguka vilima hadi kwenye migomba ya watu. Kila nyumba ina zamu yake. Asiye na zamu hana maji, na asiye na maji hana ng'ombe, hana migomba. Likumbuke hilo, maana ndilo dada yangu Manka alilokuwa karibu kunyang'anywa.

Rau hadi Himo

Ujumbe uliletwa Jumatano na mama mmoja wa Kirua Vunjo anayeleta ndizi mjini. Alitua mkungu mlangoni kwangu hapa Rau, akajifuta jasho, akasema: "Mwalimu Aikande, dada yako anasema uje kabla ya Jumapili. Anasema uje na viatu vya kutembea."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Wanataka kumsimamisha kanisani. Wanasema ndiye aliyekausha mfongo."

Nilicheka. Nakiri nilicheka, nikidhani ni maneno ya sokoni. Alhamisi asubuhi nikaondoka. Basi lilikatika mkanda wa feni kabla hatujafika mbali, dereva akaenda kuutafuta mwingine kwa miguu, nasi tukakaa kando ya barabara saa tatu nzima. Tulipofika Himo njaa ilikuwa imenishika masikio. Nikaingia kwa mama mmoja mpishi, nikaagiza ndizi za nyama.

Mezani alikuwepo kijana mwenye kofia mpya na kabrasha nene, mtaalamu wa mradi fulani wa maji.

"Shikamoo mama. Umekuja kwenye semina?"

"Marahaba. Nimekuja kula."

Akaniandika kwenye orodha ya washiriki hata hivyo. Mpaka leo nadhani jina langu liko kwenye kabrasha lile, nimeshiriki semina ya ndizi. Nikamuuliza kuhusu mfongo wa Kirua, maana ncha yake ya mwisho ilikuwa karibu na pale, na nilikuwa nimeiona nikishuka kwenye basi: kavu, imejaa mifuko ya plastiki.

"Ule umekufa, mama. Theluji ya mlima inapungua. Hiyo ni sayansi."

"Umeufuata hadi wapi?"

"Hadi hapa barabarani."

"Ulikauka kidogo kidogo au kwa mara moja?"

Akafungua kabrasha, akalifunga. Mama mpishi akajibu kutoka jikoni: "Kwa mara moja! Mvua kubwa ya mwisho wa masika, kulipokucha maji hakuna."

"Basi sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Theluji inapungua, kila mwenye macho anaona. Lakini theluji haiishi kwa mvua moja. Ukweli mkubwa unaoujua hauwezi kujibu kila swali dogo unaloletewa. Panda ukaone kwanza."

"Barabara ya juu ni mbaya, mama. Gari la mradi haliruhusiwi."

Nilimaliza ndizi zangu kwa hasira, na hasira haisaidii kutafuna nyama ya Himo.

Himo hadi kwa Manka

Nilipanda kwa lifti ya gari la kubebea nyanya, nimekaa juu ya matenga matupu. Njia nzima niliona mibuni iliyong'olewa, imelazwa kando ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, kama kuni. Kahawa ilikuwa haina mwenyewe tena, kila mtu anapanda nyanya awauzie wachuuzi wa Himo. Vijana wameshuka barabarani kufanya biashara. Ukiuliza nani anasafisha mfongo siku hizi, unatazamwa kama mtu anayeuliza habari za mkoloni.

Manka alikuwa kihambani kwake, kati ya migomba iliyoinamisha majani, akimpa ng'ombe maji kwa bakuli. Bakuli! Ng'ombe alilamba mpaka chini kisha akamtazama usoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa nikueleze, usinikatize kama kawaida yako."

Ilikuwa hivi. Mwaka uliopita banio lilizibwa na majani. Wanaume walisema kesho, wakasema kesho kutwa, na Manka, mjane mwenye ndama mchanga, akachoka kungoja. Akapanda peke yake hadi msituni, akaingia mtoni, akazibua kwa mikono. Sasa, mila yetu ya zamani inasema mwanamke hafiki kwenye banio. Yeye alifika. Maji yakaja, na mwaka mzima watu waliyanywa maji yaliyofunguliwa na mwanamke, hakuna aliyekohoa.

Kisha mwaka huu mfongo ukakauka, na mtu akakumbuka. Habari zikamfikia mwinjilisti Eliakimu, kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaani kwao, mwanamume mwenye sauti nzuri na viatu visivyo na vumbi. Akatangaza kwamba dhambi ya mtu mmoja imefunga maji, na kwamba Jumapili Manka asimame atubu mbele ya watu. Akikataa, kikundi kitamwomba Mzee Elinami, mwenyekiti wa mfongo, amwondoe kwenye zamu.

"Na Mzee Elinami anasemaje?"

"Mzee wa watu ana miaka themanini. Anasema hataki ugomvi na kanisa."

"Na wewe unasemaje?"

Manka akatazama mikono yake. "Mimi niliomba kabla ya kupanda. Nilisema, Ruwa, Mungu wangu, ndama huyu ni wako, nipe nguvu. Nikapewa nguvu, nikaenda. Sasa wananiambia aliyenipa nguvu ndiye aliyekasirika?"

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nikauliza swali nililomuuliza kijana wa Himo: nani amepanda kuona? Hakuna. Wiki tano mfongo mkavu, maombi ya kufunga mara tatu, na hakuna mguu mmoja ulioufuata hadi juu. Wengine waliogopa laana, wengine walidhani mwenzao amekwenda. Mmoja ameshika Biblia, mwingine kabrasha, na wote wawili hawajachafua soli.

"Kesho tunapanda," nikasema.

"Kwani nilikuagiza viatu vya nini?" akajibu.

Kwa Manka hadi kwa Baba Rogati

Ijumaa kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Juni inayoingia kwenye mifupa. Tulitoka na jembe moja, panga moja, na kiburu kwenye kikapu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, chakula kinachokaa tumboni mpaka jioni. Tulitembea ndani ya mfongo wenyewe, kama barabara. Kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, wanaume watatu walituona.

"Mwalimu, unampeleka dada yako akaoge mtoni tena?"

"Nampeleka akafanye kazi yako," Manka akajibu bila kugeuka. "Wewe endelea kulinda kibuyu kisitoroke."

Wenzake wakamcheka mpaka tukapotea kwenye kona.

Sasa nikueleze kosa langu, maana sitaki usikie ya wengine tu. Njiani nilikuwa nimeshapata jibu. Nilimwambia Manka: maji yanaibwa. Juu huko kuna mtu analima nyanya nyingi, zimestawi wiki hizi zote za ukavu, ni nani atastawisha nyanya bila mfongo? Jibu lilinipendeza sana. Lilikuwa na mwizi, na mtu mwenye hasira anapenda jibu lenye mwizi.

Tukafika kwa mwenye nyanya, Baba Rogati, Mkatoliki mnene mwenye kofia ya sufu, akatukaribisha kabla hata hatujabisha. Mkewe akatupa mtori wa moto, ule mzito wenye mafuta ya ng'ombe juu. Nami nikaunywa mtori wa watu, nikafuta mdomo, nikamwambia mwenye nyumba kwamba ni mwizi wa maji. Nilitumia maneno ya kistaarabu, lakini nilisema.

Manka akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi walioandika jibu kabla ya kusoma swali.

Baba Rogati akasimama. "Yesu na Maria. Mwalimu, njoo." Akatupeleka nyuma ya shamba, akatuonyesha mfongo unavyopita kwake. Mkavu, una nyufa. Kisha akatuonyesha kijito kidogo bondeni na ndoo mbili zilizochakaa, na mabegani kwake alama za mti wa kubebea.

"Asubuhi na jioni," akasema. "Mimi na mama watoto. Hizo ndizo nyanya zako za wizi."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nikikufundisha kitu kimoja tu katika haya yote, ni hiki: ukipata jibu linalokupendeza, hapo ndipo uongeze kuchungulia. Mimi niliyewahubiria watoto maneno hayo miaka thelathini niliyasahau kwa bakuli moja la mtori.

"Nimekosa, Baba Rogati."

"Umekosa ndiyo. Sasa twende wote watatu. Mkikuta maji yanaishia kwangu, mning'oe mimi badala ya nyanya." Akachukua jembe lake.

Kwa Baba Rogati hadi kwenye kona

Juu ya mashamba ya mwisho mfongo unaingia msituni na kukata ubavu wa kilima kikali sana. Kushoto ni ukuta wa udongo, kulia ni korongo, na mto unasikika chini. Unanisikia? Mto ulikuwa unavuma. Theluji au si theluji, maji yalikuwepo tele. Nikamkumbuka kijana wa kofia, nikatamani angekuwa nami ili nimwonyeshe kwa upole, labda si kwa upole sana.

Tukafika kwenye kona. Ukingo wa kulia ulikuwa umeporomoka, hatua kama kumi na mbili, wote umekwenda korongoni. Maji yalitoka banioni vizuri, yakaja hadi pale, yakaanguka kurudi mtoni. Hivyo tu. Wiki tano za kufunga na kulia, na maji yalikuwa yanaanguka mahali pamoja mchana na usiku.

Baba Rogati akashuka kidogo akatazama. "Masale yako wapi hapa?"

Isale ni mmea wetu, una majani marefu ya kijani, tunapanda mipakani. Ndilo pia jani la kuombea msamaha: ukimkosea mtu ukampelekea isale, hawezi kukukatalia. Wazee walipanda masale kwenye kona ile, mstari mzima, na mizizi yake ilikuwa imeshika ukingo kabla sijazaliwa. Sasa nusu ya mstari haikuwepo. Yalikuwa yamelundikwa pembeni, yameng'olewa na mizizi yake, yamekauka.

Manka akakaa chini. "Vijana wa kikundi," akasema taratibu. "Kabla ya Pasaka. Mwinjilisti aliwatuma wang'oe masale yote ya mfongo, akasema ni miti ya kipagani. Walianzia juu. Mvua ikawarudisha wakiwa hapa."

Naomba uelewe kwa nini nilipiga kelele msituni peke yangu kama mwehu. Mila yetu ilikuwa na sehemu mbili hapo. Sehemu moja inamzuia mwanamke asiguse banio. Sehemu ya pili inashika udongo. Mtu huyu aliiacha ya kwanza iendelee, akaitumia hata kwenye mahubiri, kisha akaing'oa ya pili kwa jina la Mungu!

Nilipotulia, Manka akaniuliza, "Lakini mvua ilikuwa kubwa. Unajuaje ni masale?"

Swali zuri, na ni yeye aliyeliuliza, mwanamke wa darasa la nne. Nikamwonyesha. Kona ni moja. Mteremko ni mmoja, udongo mmoja, mvua ni ileile. Nusu yenye masale imesimama, hata ufa haina. Nusu iliyong'olewa imekwenda. Mpaka kati ya ukingo mzima na ukingo uliokufa ulikuwa palepale jembe la vijana lilipoishia. Mvua ilisukuma pande zote mbili sawasawa, tofauti ilikuwa mizizi tu.

"Kwa hiyo si adhabu ya Mungu?"

"Hilo siwezi kulipima, dada. Nimepima ukingo. Kipimo changu hakifiki mbinguni, na sitajifanya kinafika. Ninachokataa ni mtu kusema cha mbinguni ndicho kinachomzuia kuutazama ukingo."

Manka akapiga magoti kwenye tope, akaomba, kwa Kichagga, maneno machache. Baba Rogati akavua kofia. Nikamuuliza baadaye aliomba nini. "Niliomba watu wapande kesho," akasema.

Mimi nikakata jani la isale kutoka kwenye upande uliosimama, nikamshikisha Baba Rogati kwa mikono miwili. Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Isale kwa ajili ya nyanya! Haya, nimelipokea, nitafanyaje tena?"

Kona hadi kanisani

Tulilala kwa Baba Rogati, na alfajiri ya Jumamosi Manka akashuka kwa Mzee Elinami kuomba pembe. Zamani pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya mfongo, na haikuwa imelia tangu watu waanze kushuka Himo. Mzee alisita. Manka akamwambia, "Meku, mzee wangu, sikuombi unitetee. Nakuomba upulize tu." Akapuliza.

Walikuja watu kumi na mmoja. Sita wanawake. Mmoja wa wale wa kilabuni alikuja na jembe na aibu, Manka akampa sehemu yenye mawe mengi. Tulipigilia magogo, tukajaza mawe na udongo na magunia, tukachomeka vipande vya masale mstari mzima. Alasiri Baba Rogati akatoa gogo tulilozibia maji wakati wa kazi, na maji yakapita kwenye kona, ya kahawia, yakibeba majani.

Mzee Elinami alikuwa amepanda pia, taratibu na fimbo yake, akifika mahali anapumzika. Nilimwambia mbele ya wote: "Mzee, mfongo umekauka wiki tano, udongo utakunywa sana njiani. Nimeangalia maji yanavyotembea kwa saa moja. Hayatafika kanisani leo. Yatafika kesho, ibada ikiwa haijaisha au watu wakiwa kwenye mnada wa matoleo. Yakikosa, nimekosea, na nitasema nimekosea."

"Mwalimu, usijifunge."

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee. Kujifunga kabla."

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Habari ya msaragambo ilikuwa imesambaa, lakini kila mtu kwa namna yake. Wengine walidhani tumekwenda kuweka maji ya mabomba. Mwinjilisti Eliakimu alihubiri kuhusu moyo mgumu. Kisha akasema, "Mama Manka, simama."

Nilimshika kanga asisimame. Akaniondoa mkono kama unavyoondoa kuku mezani.

Akasimama. "Nakiri," akasema. "Nilikwenda kwenye banio mwaka jana, na juzi nimepita tena njia ileile. Kama nimemkosea Mungu, anisamehe. Sijui kama nimemkosea. Najua ng'ombe wangu ana kiu." Akakaa.

"Ametubu!" mwinjilisti akapaza sauti. "Ametubu, mmesikia!"

Tukatoka nje kwenye mnada wa matoleo. Walikuwa wananadi boga kubwa, mwinjilisti mwenyewe amelibeba, ndipo watoto walipopiga kelele kwenye mteremko: "Maji! Maji!" Yalikuwa yanakuja mfongoni chini ya uwanja wa kanisa, yakisukuma povu na vijiti mbele yake, ulimi mwembamba tu, lakini unatembea.

Mwinjilisti akaliinua boga juu ya kichwa. "Mnaona! Hata saa moja haijapita! Ametubu, na maji yamekuja! Haleluya!"

Watu wakaitikia. Wakaanza kuimba! Wale waliokuwa na tope kwenye kucha bado nao waliimba, wawili watatu. Nami nilihisi damu yote imepanda kichwani, nikapita katikati ya watu, lakini kabla sijafungua mdomo fimbo ya Mzee Elinami ilinizuia kifuani.

"Mwinjilisti," mzee akasema, si kwa sauti kubwa, lakini wakanyamaza kwa heshima ya mvi. "Samahani, mwanangu. Huyu mwalimu jana alasiri aliniambia maji yatafika wakati kama huu. Watu zaidi ya kumi walisikia. Mama Manka ametubu leo. Maji yaliondoka juu jana."

Mnadi akageuka kumtazama mwinjilisti.

Mwinjilisti akatabasamu. "Mzee, Mungu anajua yote. Alijua atatubu, akayatuma mapema."

Hapo sikuzuiwa tena. "Na yasingefika leo?"

"Ingekuwa hajatubu kwa moyo."

"Na yangefika kesho?"

"Ingekuwa amechelewa kutubu."

Mtu mmoja akacheka nyuma, mwingine akafuata. Nikasema, na nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia: "Mimi jana nilitamka neno ambalo lingeweza kuniaibisha leo mbele yenu wote. Wewe umetamka neno ambalo haliwezi kukuaibisha kamwe, maji yaje yasije. Unaliita imani. Imani ni ya huyu mama, aliyemwamini Mungu akapanda. Lako ni pango la kujifichia. Na umemsimamisha mjane nje ya pango badala yako, wakati masale uliyoyang'oa wewe yamelundikwa kona ya msituni yamekauka!"

Ndio ugomvi uliousikia. Ulikuwa mfupi hivyo. Alisema sayansi imenilevya. Nikamwambia sijalewa, nina tope, aje kesho nimwonyeshe. Akarudi kunadi boga lake.

Mzee Elinami hakungoja kesho. Alitembea hadi mpakani mwa uwanja, pale ambapo masale ya kanisa hayajang'olewa kwa sababu mchungaji wa zamani aliyapenda, akakata jani moja. Akarudi na fimbo yake, hatua kwa hatua, watu wakimpisha, akampa Manka kwa mikono miwili. Mwanamume wa miaka themanini, mwenyekiti wa mfongo, kwa mwanamke aliyefika banioni. Sijawahi kuona hivyo, na mama yangu hakuona.

Manka alilishika jani muda mrefu. Mila haimruhusu kukataa, lakini haikusema apokee haraka.

"Nimelipokea, Meku," akasema mwishowe. "Zamu yangu ni Jumanne. Na majani yakiziba banio, nitapanda tena. Usije ukaniletea isale la pili."

"Ukipanda," mzee akasema, "nipulizie pembe."

Kurudi Rau

Mwinjilisti hajaomba msamaha, na sitakudanganya kwamba atafanya hivyo. Jumatatu niliwapeleka kwenye kona watu wanane waliotaka kuona kwa macho yao, na wa mbele alikuwa mke wake, kavaa raba za mtoto wake. Aliinama akapandikiza masale mawili yaliyolala, akashindilia udongo kwa kisigino. Jumanne Manka alifungua maji ya zamu yake, nikamwona ng'ombe akinywa moja kwa moja kutoka mferejini.

Bado nina hasira, usiniambie nipoe. Lakini hasira peke yake ilinipeleka kwa Baba Rogati na jibu baya, kwa hiyo nimejitafutia kazi ya kuipa. Kwenye ndoo barazani kwangu nimeleta vipande vya masale kutoka kona ile. Chukua kimoja unapoondoka. Kichomeke kwenye ukingo wa mtaro wako, urefu wa kiganja uwe ardhini, kabla mvua za vuli hazijaanza. Usiniamini mimi kwamba kitashika udongo. Baada ya wiki sita kivute kidogo kwa vidole viwili, uone kama kinakataa kutoka.